Sam Ntiro, Mchoraji Aliyekuwa Balozi

Hapa kwetu Kiminini ukisema unataka kusomea uchoraji chuo kikuu, unaulizwa: ati utakula rangi? Mimi nimeulizwa mara nyingi. Ndio maana nawaletea maisha ya Sam Ntiro.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Alisomea sanaa Makerere, Uganda, akifundishwa na Bi. Margaret Trowell, halafu akaenda shule ya Slade, London. Aliporudi alifundisha Makerere. Alichora watu wa kwao wakilima na kuvuna. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa kule New York.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alitumwa London kuwa balozi. Baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni, tena akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Je, huyo alikula rangi? Walimu wetu, mkituona tunachora nyuma ya daftari, msitukaripie tu, tuelekezeni. Nasi wanafunzi tutie bidii, kwani chanda chema huvikwa pete.