Imam Ghazali: Aliisoma Falsafa Kabla ya Kuijibu

Vijana wenzangu, suala la Muislamu kusoma falsafa si la leo. Kuna wanaoikataa yote bila kuifungua, na kuna wanaoimeza yote bila kutafuna. Imam Abu Hamid al-Ghazali (Mwenyezi Mungu amrehemu) hakuwa kundi hili wala lile.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) mjini Tus, katika nchi inayoitwa Iran leo. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Alisoma hadi akafika Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nidham al-Mulk akampa kiti cha kusomesha katika madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Alikuwa na wanafunzi kama 300.

Huko akaona wanavyuoni wakiwajibu wanafalsafa bila kuzifahamu hoja zao. Basi akavichukua vile vitabu akavisoma peke yake, bila mwalimu, kila alipopata nafasi baina ya darsa. Haikutimia miaka miwili ameshavielewa, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akivipima.

Akaigawa falsafa mafungu sita: hisabati, mantiki, elimu ya maumbile, elimu ya mambo ya Mungu, siasa na akhlaki. Hisabati na mantiki, akasema, hazigombani na dini. Tena anayezipinga kwa jina la Uislamu anaidhuru dini yenyewe. Hebu fikiria: mtu amepiga hesabu ya kupatwa kwa jua na ana dalili zake. Ukimwambia dini inakataa, hataishuku hesabu, ataishuku dini!

Makosa mengi aliyaona katika mambo ya Mungu. Ndani ya Tahafut al-Falasifa alijadili masuala 20, na matatu akayahesabu kuwa ukafiri: kudai ulimwengu hauna mwanzo, kudai Mwenyezi Mungu hajui mambo moja moja, na kukana kufufuliwa kwa miili.

Lakini mtihani mkubwa kumbe ulikuwa ndani ya nafsi yake. Mwaka 1095 alijiuliza kama anasomesha kwa ajili ya Allah au kwa ajili ya jina. Karibu miezi sita alivutwa huku na huku, mpaka ulimi ukafunga, darsa haitoki, chakula hakipiti. Matabibu wakashindwa. Mwisho akaacha cheo, akatoa mali yake akibakisha ya kuwatosha watoto, akaenda Sham, Baitul Maqdis na Makka. Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihyaa Ulumiddin, kitabu kinachojulikana sana hata hapa kwetu pwani.

Alirudi kusomesha Nishapur mwaka 1106, akafariki Tus mwaka 505 Hijria (1111).

Basi ndugu zangu, mwezi huu wa Ramadhan tujifunze mawili kwake: tusilipinge jambo kabla ya kulisoma, na tukilisoma, tujiulize tunamsomea nani. Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Amin.