Edison na Swali la Mbeya



Naanza na kesi iliyonitoa jasho muhula huu. Mimi niko mwaka wa nne uhandisi, na projekti yangu ya kumalizia chuo ni gari dogo la umeme la watu wawili, la kutembelea mjini. Bado liko kwenye karatasi, msije mkaniomba lifti. Siku niliyolielezea chumbani, jamaa ninayekaa naye aliniuliza swali moja tu: likichajiwa usiku kucha, linafika Mbeya? Nikasema halifiki. Akacheka, akageukia ukutani, akalala.

Swali lile liliniingia kama mwiba. Wiki tatu nzima nikawa naongeza betri kwenye michoro. Nikiongeza betri, gari linakuwa zito. Likiwa zito, linataka mota kubwa. Mota ikiwa kubwa inakula umeme zaidi, kwa hiyo naongeza tena betri. Gari dogo likanenepa mpaka likakosa maana, na bei yake ikapanda hadi nikaona aibu kuiandika. Nilipompelekea msimamizi wangu, hakunifokea. Aliniambia niende maktaba nikasome maisha ya Thomas Edison, hasa ile sehemu isiyohusu balbu.

Mimi nilimjua Edison kama wengi wetu tunavyomjua, mzee wa balbu. Sikujua kwamba alitumia karibu miaka kumi ya maisha yake akihangaika na kitu kilekile kinachonikosesha usingizi.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Port Huron, Michigan. Shuleni hakukaa sana. Akiwa bado kijana mdogo alikuwa anauza magazeti na pipi kwenye treni, na masikio yake yalishaanza kuwa mazito, tatizo alilobaki nalo hadi uzeeni. Baadaye akajifunza kazi ya telegrafu, na huko ndiko alikopata mazoea ya betri na nyaya. Mwaka 1876 alifungua maabara Menlo Park, New Jersey. Mwaka uliofuata akatoa santuri, na mwaka 1879 ile balbu tunayomkumbukia.

Kumbe balbu peke yake haikuwa na faida kama hakuna umeme wa kuiwasha. Kwa hiyo Septemba 1882 akawasha kituo cha umeme mtaa wa Pearl, New York. Hapa ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na adui ambaye atamsumbua hadi mwisho, na adui huyo anaitwa umbali. Umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu, na kwa teknolojia ya wakati ule haukuweza kusafirishwa mbali na kituo bila kupotea njiani. Ulihudumia mitaa ya karibu tu. Washindani wake, kina George Westinghouse, wakaja na umeme wa mkondo geu unaosafiri mbali. Edison akapigana nao kwa maneno makali, mengine ya kutia aibu, na bado akashindwa.

Sasa tuje kwenye magari. Agosti 1896 Edison alihudhuria mkutano wa kampuni za umeme huko New York. Mezani akatambulishwa kwa kijana mmoja, mhandisi wa kampuni ya umeme ya Detroit, ambaye alikuwa ametengeneza kigari cha petroli nyumbani kwake. Kijana huyo ni Henry Ford. Kwa jinsi Ford mwenyewe alivyokuja kusimulia, Edison aligonga meza na kumtia moyo aendelee na petroli, kwa sababu gari la umeme lingelazimika kukaa karibu na kituo cha umeme, wakati gari la petroli linatembea na chakula chake. Yaani bingwa wa umeme wa dunia nzima ndiye aliyembariki mtu atakayekuja kuliua gari la umeme! Nilipofika hapo ilibidi nifunge kitabu kwanza.

Lakini miaka michache baadaye mzee mwenyewe akabadili mawazo, na ukitazama mitaa ya wakati ule unaelewa kwa nini. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari yapatayo 4,200. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936 tu. Mjini, gari la umeme lilikuwa na raha yake. Halikuwa na moshi wala kelele. Gari la petroli uliliwasha kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, na hendeli ikikurudia inakuvunja mkono. La umeme unakaa, unasukuma mtaimbo, unaondoka. Ndiyo maana madaktari wa kutembelea wagonjwa na wanawake wa mjini walilipenda.

Shida ilikuwa betri ya risasi na tindikali. Ilikuwa nzito, ilikuwa inajila yenyewe, na ilikupeleka kilomita 50 au 60 hivi kabla ya kudai kuchajiwa. Edison akaamua kwamba dunia inahitaji betri mpya kabisa, nyepesi, ngumu, isiyokufa. Akaanza kazi hiyo kwenye maabara yake ya West Orange wakati karne ya 20 inaingia. Wakati huo alikuwa ametoka kupoteza fedha nyingi kwenye mradi wa kuchambua madini ya chuma, kwa hiyo msidhani alikuwa anachezea hela za ziada.

Yeye na watu wake walijaribu vitu kwa maelfu, hiki kikishindwa wanachukua kingine, mpaka wakatulia kwenye nikeli na chuma ndani ya kimiminika cha alkali, vyote kwenye kopo la chuma. Mwaka 1903 betri ikaanza kuuzwa, huku magazeti yakiwa yameshajaa ahadi zake. Alikuwa na mdomo, mzee. Muda si mrefu malalamiko yakaanza kurudi kiwandani. Makopo yanavuja, nguvu inapungua. Hapo Edison akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelikwepa. Alisimamisha uzalishaji, akazichukua betri mbovu, akarudi maabara akiwa na umri wa karibu miaka 60 kuanza upya.

Ilimchukua hadi mwaka 1909 kutoa betri iliyomridhisha. Na kwa kweli ilikuwa betri ya maana. Ilibeba umeme mwingi kuliko ya risasi ya uzito uleule, na ilivumilia manyanyaso: ukiichaji kupita kiasi au ukiiacha bila chaji muda mrefu, haifi. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa baridi, na wa pili ulikuwa bei. Kampuni ya Anderson ya Detroit, iliyotengeneza magari ya Detroit Electric, iliuza betri ya Edison kama nyongeza ya dola 600. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba magari yake yanakwenda kama kilomita 130 kwa chaji moja, na katika jaribio moja gari lao lilifika takriban kilomita 340. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 32 kwa saa. Mnaopanda daladala asubuhi mnajua kwamba kwenye foleni huo ni mwendo kasi.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo ni kalenda. Oktoba 1908, kabla betri mpya haijatoka, yule kijana aliyepigiwa meza alitoa Model T kwa dola 850, na bei ikaendelea kushuka kila alipopanua kiwanda. Mwaka 1912 Cadillac wakaweka selfu ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na hendeli ikaanza kwenda kupumzika. Gari la petroli sasa likawa linawaka kwa kubonyeza, kwa msaada wa betri! Umeme wenyewe ulimpa mpinzani wake ile raha aliyokuwa amekosa. Mwaka huo gari dogo la umeme liliweza kuuzwa dola 1,750, wakati la petroli unalipata kwa dola 650. Na nje ya miji, nyumba nyingi za Marekani hazikuwa na umeme kabisa.

Edison na Ford, ambao kwa wakati huo walishakuwa marafiki wakubwa, walijaribu kuliokoa. Januari 1914 Ford alithibitisha kwa waandishi kwamba wanatengeneza pamoja gari la umeme la bei nafuu, na magari ya majaribio yaliundwa. Halikuuzwa hata moja. Mradi ukafa kimyakimya.

Lakini kuna jambo dogo lililonisimamisha. Kwenye nyumba ya Edison, Glenmont, banda la magari lilikuwa na vifaa vya kuchajia, na mkewe Mina alikuwa na Detroit Electric yake. Na Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, mwanamke ambaye mumewe alikuwa anatoa magari ya petroli kwa maelfu, naye alikuwa anaendesha Detroit Electric ya mwaka 1914. Waume wanabishana na umbali, wake zao wanakwenda sokoni, kwa rafiki, kanisani, wanarudi nyumbani, wanachomeka waya.

Ndipo nikaelewa kwa nini msimamizi alinituma maktaba. Ukinisikiliza mimi, betri ya Edison ilijibu swali la Mbeya. Alitaka gari la umeme lishindane na petroli kwenye safari ndefu, wakati wateja wake waliokuwa wanaridhika walikuwa wanazunguka mjini. Miaka ile aliyotafuta betri ya kwenda mbali, kazi iliyohitajika zaidi ilikuwa kushusha bei na kusambaza sehemu za kuchajia. Ford hakushinda kwa sababu gari lake lilikuwa tamu kuliko la umeme. Alishinda kwa sababu mtu wa kawaida alilimudu.

Betri yenyewe haikupotea. Ilikwenda kwenye taa za wachimba migodi, ishara za reli na magari ya kusambazia mizigo mjini, ikamwingizia mzee fedha nzuri. Edison alifariki West Orange tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na miaka 84. Barabara za Marekani zilikuwa zimejaa petroli.

Niliporudi kwenye projekti sikuongeza tena betri. Nilikwenda kwa mjomba wangu anayekaa Mbezi na kufanya kazi Posta, nikamwomba aandike kilomita za gari lake kila jioni kwa wiki mbili. Siku ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 61, na hiyo ni siku aliyopitia msibani. Nikamuuliza kuhusu mikoani. Mwaka jana alisafiri mara mbili, na zote alipanda basi, kwa sababu hakutaka kuchosha gari.

Kwa hiyo gari langu sasa linabeba betri ya kilomita 100, basi. Inatosha siku ya mjomba, inatosha na siku ya msiba, na kuna akiba ya foleni na mvua. Limerudi kuwa dogo, na bei nimeiandika bila aibu.

Ila sitaki kuwadanganya kwamba nimemaliza. Mjomba alivyoona michoro aliniuliza atachajia wapi. Anapanga nyumba yenye wapangaji wanne, luku ni moja, na tayari wanagombana kwa sababu ya pasi na friji. Akichomeka gari usiku kucha, asubuhi hapatakalika. Hilo ndilo swali la kweli, na halijibiwi kwa betri kubwa. Linataka mita ndogo ya kujitegemea, au sehemu ya kuchajia mtaani au kazini, yenye bei inayoeleweka. Sura hiyo ya projekti bado naiandika, na nina mwezi mmoja kabla ya kuiwasilisha.

Jamaa yangu wa chumbani nimeshamsimulia yote haya. Ameniambia Edison alikuwa mzembe wa kupanga ratiba, kisha akaniuliza kama hilo gari lina sehemu ya kuwekea begi la kwenda stendi. Ninalo jibu. Stendi ni kilomita chache tu kutoka hapa, na basi la Mbeya linaondoka alfajiri.