Alama nyeusi iliyozima nyota ya Dkt Kammerer

MNAMO Septemba 23, 1926, maiti ya mwanamume wa umri wa miaka 46 ilipatikana kando ya njia ya mlimani karibu na Puchberg, nchini Austria. Alikuwa amejipiga risasi kichwani. Marehemu alikuwa Dkt Paul Kammerer, mwanabiolojia ambaye miaka mitatu awali magazeti ya ng'ambo yalimlinganisha na Darwin. Kisa cha masaibu yake kilikuwa alama nyeusi mkononi mwa chura.

Kammerer alizaliwa jijini Vienna mnamo 1880. Alisomea muziki kabla ya kuzama katika elimu ya wanyama, na kipawa chake cha kufuga viumbe waliowashinda wengine kilimfikisha katika maabara ya Vivarium, iliyoasisiwa na Hans Przibram. Mapenzi yake kwa viumbe hao yalikuwa makubwa hata bintiye akampa jina Lacerta, ambalo ni jina la kisayansi la mjusi.

Aliyemponza ni chura mkunga wa Ulaya. Madume wa vyura wengi wanaojamiiana majini huota sugu nyeusi mikononi msimu wa kujamiiana ukiwadia. Sugu hizo huwa na vijimwiba vya kumshikia jike anayeteleza. Chura mkunga hujamiiana nchi kavu, hivyo hana haja nazo. Jike akishataga, dume hujizungushia mayai miguuni na kutembea nayo hadi yakaribie kuanguliwa, ndipo ayapeleke majini. Nadra kuona baba mwenye bidii kiasi hicho.

Kammerer aliwaweka vyura hao katika joto kali, wakalazimika kukimbilia maji na kujamiiana humo. Baada ya vizazi kadhaa, alitangaza kwamba madume walikuwa wameota sugu nyeusi na kuwarithisha wana wao. Iwapo hilo lilikuwa kweli, basi mazingira yangeweza kubadili urithi wa kiumbe. Wafuasi wa Mendel walilipinga dai hilo vikali, wakiongozwa na Mwingereza William Bateson.

Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 viliangamiza mifugo yake. Alipohutubu Cambridge mnamo 1923, alikuwa amebakiwa na kielelezo kimoja tu, chura mfu aliyehifadhiwa chupani.

Mapema 1926 Mmarekani Gladwyn Kingsley Noble alimchunguza chura huyo Vienna. Hakuona vijimwiba. Weusi ule ulikuwa wino uliodungwa chini ya ngozi, na jarida la Nature likachapisha habari hizo Agosti 7. Ajabu ni kuwa rangi yenyewe haimsaidii dume kushika chochote. Kazi hiyo ni ya vijimwiba. Aliyeghushi aliiga rangi, akasahau miiba.

Kammerer, aliyekuwa akijiandaa kuhamia Moscow kwa kazi mpya, alikubali kuwa wino ulikuwamo lakini akakana kuutia. Wiki zisizozidi saba baadaye alikuwa maiti.

Mwandishi Arthur Koestler alijaribu kumtakasa katika kitabu cha 1971, akishuku mkono wa hasidi. Mnamo 2009 Alexander Vargas wa Chile alidai kuwa huenda majaribio yale yalikuwa ya kweli, wenzake wakambishia. Przibram, aliyemtetea rafiki yake, alikuwa Myahudi. Alifia katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mnamo 1944. Mwaka uliofuata Vivarium iliteketea vitani.