Hugh O'Neill wa Ulster

Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Hugh O'Neill alizaliwa huko yapata mwaka 1550. Ukoo wake ulitawala sehemu kubwa ya Ulster, jimbo la kaskazini. Watu wa huko walikuwa wakulima na wafugaji. Mtu tajiri alijulikana kwa wingi wa ng'ombe wake.

Siku zile ndugu waligombania utawala. Katika ugomvi huo baba yake Hugh aliuawa, mwaka 1558. Hugh alikuwa bado mtoto. Alilelewa na familia ya Kiingereza, akajifunza lugha na desturi zao.

Waingereza walitaka kuitawala Ayalandi yote. Walidhani Hugh atakuwa mtu wao. Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Lodi wa Tyrone na hati ya ardhi. Lakini Hugh alikuwa mwerevu. Husimuliwa kuwa alinunua madini ya risasi ili aezekee nyumba yake, kisha akayafanya risasi za bunduki.

Mwaka 1591 Hugh alitoroka na msichana wa Kiingereza, Mabel Bagenal, akamwoa. Kaka yake Mabel alikuwa Henry Bagenal, jemadari wa Waingereza. Alikasirika sana. Tangu hapo wakawa maadui.

Mwaka 1595 Hugh alipigana na Waingereza waziwazi. Kwa miaka mingi ukoo wa O'Neill na ukoo wa O'Donnell walikuwa wakipigana. Sasa Hugh aliungana na kijana Hugh O'Donnell. Umoja huo uliwapa nguvu. Mwaka 1598 walilishinda jeshi la Waingereza mahali paitwapo Yellow Ford. Bagenal aliuawa siku hiyo pamoja na askari wake wengi.

Mwaka 1601 askari wa Hispania walikuja kuwasaidia. Lakini walishukia Kinsale, kusini kabisa. Hugh na watu wake walitembea nchi nzima wakati wa baridi kali ili wawafikie. Huko walishindwa vibaya.

Jemadari mpya wa Waingereza, Mountjoy, alikuwa ameanza vita vya njaa. Askari wake walichoma mazao na kuchukua ng'ombe. Watu wengi wa Ulster walikufa, wake kwa waume na watoto.

Mwezi wa Machi 1603 Hugh alikubali kushindwa. Alipiga magoti mbele ya Mountjoy, akaomba msamaha wa Malkia. Kumbe Malkia alikuwa amekufa siku sita kabla. Mountjoy alijua, lakini alimficha. Hugh alipopata habari, alilia.

Alirudishiwa ardhi, lakini hakuaminiwa tena. Mwaka 1607 alipanda meli na jamaa zake, wakaihama nchi. Alikufa Roma mwaka 1616, bila kurudi kwao. Nyuma yake serikali ilichukua ardhi ya Ulster, ikawagawia walowezi kutoka Uingereza na Skochi. Wenyeji wengi walipoteza mashamba yao. Ugomvi uliotokana na jambo hilo ulidumu kwa mamia ya miaka.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Waingereza walidhani Hugh atakuwa mtu wao?
2. Hugh O'Neill na Hugh O'Donnell walipata faida gani kwa kuungana?
3. Mazao yalipochomwa, ni nani walioumia zaidi?
4. Mountjoy alificha habari gani? Unadhani kwa nini alifanya hivyo?