Caroline Norton: Mama Aliyefungiwa Lango

Katika ukurasa huu mara nyingi tunazungumza na mume na mke wanaoishi chini ya paa moja. Leo tumkumbuke mzazi wa aina nyingine, yule ambaye nyumba imevunjika na watoto wamebaki upande wa pili. Akipiga simu haishikwi. Akienda siku ya Jumapili na mkate na maziwa mkononi, anaambiwa watoto wamekwenda kwa shangazi. Hapa kwetu mara nyingi mzazi huyo ni baba, na majirani humsema vibaya wakidhani amewatupa wanawe. Zamani kule Uingereza alikuwa ni mama, kwa maana sheria ilimpa baba kila kitu. Mama mmoja wa nchi ile aliyapitia hayo kwa miaka mingi, na kwa kuwa Mungu alimjalia kalamu, hakunyamaza. Jina lake ni Caroline Norton.

Alizaliwa London tarehe 22 Machi 1808, katika ukoo wa Sheridan. Babu yake, Richard Brinsley Sheridan, alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza na mbunge aliyejulikana kila mahali. Lakini sifa haziliwi. Baba yake Caroline alifariki mwaka 1817 huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, alikokuwa akifanya kazi ya serikali, akamwacha mjane na watoto wengi na fedha kidogo. Mabinti wa nyumba ile walisifiwa kwa sura na kwa wepesi wa maneno, ila hawakuwa na mali ya kuingia nayo katika ndoa kama desturi ya huko ilivyodai. Basi alipojitokeza George Norton, wakili na mbunge, ndugu mdogo wa Lodi Grantley, jamaa waliona kwamba hiyo ni bahati. Harusi ilifungwa tarehe 30 Julai 1827. Bibi arusi alikuwa na miaka 19, na hakumfahamu vizuri mwanamume aliyekuwa akimshika mkono.

Hawakukawia kufahamiana. Bwana Norton alikuwa mzito wa mawazo na mwepesi wa ngumi. Alimpiga mateke. Siku moja aliuchukua mtungi wa chai uliokuwa ukitokota akauweka juu ya mkono wake. Na sisi tuseme ukweli wote: Caroline naye hakuwa malaika. Ulimi wake ulikata kama wembe, aliweza kumfanya mumewe achekwe mbele ya wageni, na alipenda mno kuwa kati ya wakubwa wa siasa. Lakini ulimi mkali haujibiwi kwa mateke. Mwaka 1835, akiwa mjamzito, alipigwa mpaka mimba ikaharibika.

Katika miaka hiyo alikuwa amezaa wana watatu: Fletcher mwaka 1829, Brinsley mwaka 1831 na William mwaka 1833. Fedha za nyumba zilipopungua alianza kuandika mashairi na hadithi, na malipo ya vitabu yakasaidia matumizi. Mumewe alipokosa kiti cha Bunge, ni yeye Caroline aliyemwombea kazi kwa rafiki yake, Lodi Melbourne, ambaye alikuwa waziri. Bwana Norton akapewa uhakimu wenye mshahara wa pauni 1,000 kwa mwaka. Melbourne akawa mgeni wa mara kwa mara katika nyumba ile, na mume hakulalamika, kwani mkono ulioleta mkate ulikuwa huo.

Pasaka ya mwaka 1836 ndiyo iliyovunja nyumba. Caroline alitaka kwenda na watoto kwa kaka yake, mume akakataa. Mama alipotoka kwenda kwa dada yake kutafuta ushauri, nyuma yake watoto walipakiwa katika gari la farasi wakapelekwa asikokujua. Fletcher alikuwa na miaka 6, Brinsley 4, na William 2 tu. Aliporudi nyumbani alikuta mlango umefungwa.

Alikwenda kwa wanasheria, akajifunza kile ambacho wake wengi wa siku zile hawakukijua mpaka siku ya msiba. Mtoto wa ndoa alikuwa wa baba peke yake. Mama hakuwa na haki ya kukaa naye, wala ya kumwona, hata kama baba ndiye mkosaji. Mwaka 1804 mahakama ya Uingereza ilikuwa imemwacha mtoto wa miezi 8, aliyekuwa bado ananyonya, mikononi mwa baba aliyekuja kumnyakua kwa mamaye. Huo ndio uliokuwa msimamo wa sheria. Baba alishika mpini, mama alishika makali.

Watoto walipelekwa kwanza Wonersh, kwenye nyumba kubwa ya Lodi Grantley huko mashambani. Caroline alipopata habari aliwafuata. Akawapata wote watatu. Akamnyanyua Brinsley mikononi akakimbia naye mpaka langoni, lakini lango lilikuwa limefungwa. Watumishi wakamfikia. Hapo mama alikuwa na nafasi mbili tu: kumng'ang'ania mtoto wavutane, huyu huku na yule kule, au kumwachilia. Aliogopa kwamba watamraruka mwanawe vipande. Akamwachilia, akarudi London mikono mitupu. Wako wazazi watakaosoma hapa na kukumbuka lango lao wenyewe.

Mwezi Juni mwaka huohuo Bwana Norton alimshtaki Melbourne, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, kwamba amezini na mkewe, akadai fidia ya pauni 10,000. Mji mzima ulikuwa haunong'oni jambo jingine. Caroline hakuruhusiwa kusema neno mahakamani, kwa kuwa kesi ilikuwa ya wanaume wawili. Mashahidi wengi walikuwa watumishi waliofukuzwa kazi, na ushahidi wao ulikuwa wa kuchekesha. Wazee wa baraza hawakuondoka hata vitini kwenda kushauriana. Waliitupilia mbali kesi pale pale. Melbourne akabaki na cheo chake. Caroline akabaki na jina lililochafuka, bila nyumba na bila watoto. Tena kwa kuwa uzinzi haukuthibitika, mume hakuweza kumwacha. Naye mke, kwa kuwa aliwahi kurudi nyumbani baada ya vipigo, alihesabiwa kuwa amevisamehe. Walibaki mume na mke katika vitabu vya serikali mpaka mmoja alipokufa.

Watoto sasa walipelekwa mbali zaidi, Uskoti, kwa dada yake Bwana Norton. Mama alipata habari kwamba mkubwa alichapwa kwa kuisoma barua yake. Barua nyingine hazikuwafikia kabisa. Mazungumzo ya suluhu yaliendelea London kupitia mawakili, na kila mara yalichanganya mambo mawili katika chungu kimoja: posho yake na watoto wake. Akikataa masharti ya fedha, mlango wa watoto unafungwa. Akikubali, mume anabadili masharti.

Hapa nitoke kidogo katika hadithi, maana mchanganyiko huu haukufa na Bwana Norton. Kuna mzazi anayesema hatalipa karo mpaka amwone mtoto, na kuna mwenzake anayesema mtoto haonekani mpaka karo ilipwe. Katika mahakama zetu za Kenya hayo ni mambo mawili, si moja. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaweka maslahi yake mbele. Anayenyimwa kumwona mtoto aende mahakamani kuomba siku za kumwona, huku akiendelea kutoa matumizi na kutunza risiti. Anayenyimwa matumizi aende pia kuyadai, bila kumficha mtoto. Caroline angeshukuru kupata hata nusu ya njia hizo.

Kwa kuwa njia haikuwapo, aliamua kuichonga. Mwaka 1837 aliandika kijitabu kuhusu haki ya asili ya mama kwa watoto wake, akakichapisha kwa fedha yake na kuwagawia watu wake wa karibu. Kisha akaandika kingine, na cha tatu akakitoa mwaka 1839 kwa jina la kiume la Pearce Stevenson, maana alijua wabunge wangekitupa wakiona kimeandikwa na mwanamke mwenye kesi. Hakudai usawa wa wanawake na wanaume. Alisema wazi kwamba hauamini. Alichodai ni kwamba aliye dhaifu apewe ulinzi, na kwamba mtoto mchanga asigeuzwe fimbo ya kumchapia mama yake.

Mbunge mmoja wakili, Thomas Noon Talfourd, aliuchukua mswada huo. Mwaka 1838 ulipita katika baraza la chini, lakini Malodi wachache waliokuwapo usiku ule wakauangusha kwa tofauti ya kura 2. Wapinzani walisema kwamba mke akijua ataruhusiwa kuwaona watoto hatavumilia ndoa. Yaani watoto walihesabiwa kuwa kamba ya kumfungia mke. Mwaka 1839 ulirudishwa, na safari hii ukapita. Ilikuwa sheria ndogo. Mama ambaye hakuthibitishwa kuwa mzinzi aliweza kuomba kukaa na watoto walio chini ya miaka 7, na kuomba kuwaona waliozidi umri huo. Ni mama wenye fedha tu walioweza kulipia kesi yenyewe. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya Uingereza kukiri kwamba mama naye ana dai juu ya mwanawe. Mwaka 1873 umri ulipandishwa hadi miaka 16, na mwaka 1925 sheria ikasema kwamba la kwanza kutazamwa ni heri ya mtoto mwenyewe.

Na Caroline? Sheria yake haikuvuka mpaka wa Uskoti, na wanawe walikuwa huko. Aliyeufungua mlango kwa akina mama wengine alibaki nje. Miaka ilipita akiwaona mara chache sana, watoto wakirefuka pasipo yeye kujua vipimo vya nguo zao.

Mwezi Septemba 1842 wavulana walikuwa kwa baba yao huko Yorkshire. William, yule mdogo aliyechukuliwa akiwa na miaka 2, alianguka kutoka juu ya farasi mdogo wake. Jeraha lilionekana dogo, halikutunzwa ipasavyo, sumu ikaingia katika damu. Hali ilipozidi ndipo mama alipoitwa. Alisafiri haraka kadiri ilivyowezekana, lakini alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa amefikisha hata miaka 10. Tangu siku ile baba alilegea, akawaruhusu wale wawili waliobaki kukaa na mama yao sehemu ya mwaka. Kile ambacho Bunge halikuweza kumpa Caroline, alikipata kwa kaburi la mwanawe.

Vita vya fedha viliendelea. Mwaka 1848 Bwana Norton, akihitaji saini ya mkewe katika jambo la mali, alimwandikia mkataba wa kumpa posho kila mwaka. Caroline aliporithi fedha kidogo kwa mama yake, mume akaikata posho. Alipomshika kwa mkataba, aliambiwa kwamba mkataba wa mume na mke si kitu, kwa maana mbele ya sheria wao ni mtu mmoja, na mtu hawezi kujidai mwenyewe. Mume akadai hata malipo ya vitabu vya mkewe. Mwaka 1853 wadai wake walimfikisha Bwana Norton mahakamani, na wanandoa hao wakajibizana mbele ya umati. Caroline alirudi kwenye kalamu. Mwaka 1855 alimwandikia Malkia Victoria barua ya wazi iliyosomwa sana, na Sheria ya Ndoa ya 1857 ikabeba mambo kadhaa aliyoyapigania: mke aliyetengana na mumewe abaki na mapato na urithi wake, aweze kushtaki kwa jina lake, na mahakama iweze kuamuru apewe posho.

Wale vijana wawili walimpenda mama yao, ingawa utoto uliopotea haukurudi. Fletcher alifanya kazi ya ubalozi, kifua kikuu kikamuua Paris mwaka 1859. Brinsley alikwenda Italia akaoa binti wa watu wa kawaida wa kisiwa cha Capri, na Caroline akawa nyanya anayewalea wajukuu, akiwaandikia barua zisizozuiwa na mtu.

George Norton alifariki mwaka 1875. Tarehe 1 Machi 1877 Caroline, akiwa na karibu miaka 69 na afya dhaifu, aliolewa na rafiki yake wa siku nyingi, Sir William Stirling-Maxwell. Alikufa tarehe 15 Juni mwaka huohuo. Katika ukumbi wa Malodi, wale wale walioukataa mswada wake kwa kura 2, kuna picha ya ukutani ya mchoraji Daniel Maclise inayoonyesha Haki kwa umbo la mwanamke, na aliyekaa mbele ya mchoraji ili sura yake ichukuliwe alikuwa ni yeye. Brinsley, yule aliyebebwa mpaka langoni Wonersh, alimfuata mama yake kaburini kabla mwaka ule wa 1877 haujaisha.