Röntgen na picha ya jino lako

Ukiambiwa ukapige eksirei ya jino, mkumbuke Mjerumani mmoja, Wilhelm Conrad Röntgen. Alizaliwa Lennep mwaka 1845, akakulia Uholanzi. Huko Utrecht alifukuzwa shule kwa sababu ya kibonzo cha mwalimu kilichochorwa na mwenzake, naye akakataa kumtaja mchoraji. (Mzazi mwenye kijana aliyefukuzwa shule, usikate tamaa.)

Hatimaye akawa profesa wa fizikia. Jioni ya Novemba 8, 1895, mjini Würzburg, aligundua miale isiyoonekana kwa macho. Alijifungia maabara wiki kadhaa, na Desemba 22 akamwita mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la picha na kuutuliza kwa muda mrefu. Mifupa ilionekana, na pete kidoleni. Lakini itazame picha ile leo: ina ukungu. Mwezi mmoja baadaye alipiga mkono wa profesa Kölliker, na hiyo ikatoka safi zaidi. Mapema 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff alipiga meno yake mwenyewe kwa dakika 25. Hebu jaribu kukaa bila kutikisika muda huo!

Siku hizi haifiki hata sekunde moja, ila ukungu bado upo. Fizi zikiugua, mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole kuanzia ukingoni, na ukingo huo ni mwembamba. Mtoto akitikisa kichwa, au miale ikija kwa pembe mbaya, meno hupandana na ukingo haujulikani. Picha ikiwa nyeusi mno, mfupa mzima waweza kudhaniwa umeliwa. Ndivyo jino zuri linavyoweza kung'olewa na bovu likaachwa. Picha ya taya zima nayo haioneshi ukingo vizuri kama ile ndogo ya ndani ya mdomo. Na picha ya picha, iliyopigwa kwa simu ikatumwa WhatsApp, mimi siitegemei. Njoo na yenyewe. Ukiambiwa irudiwe, una haki ya kuuliza sababu.

Kwetu Arusha kuna la ziada. Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru, yakiwamo ya Ngarenanyuki na Maji ya Chai, yana madini mengi ya floraidi. Ndiyo yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, wala si uchafu. Aliyeyanywa miaka mingi, mifupa yake yaweza kuonekana myeupe na mizito kuliko kawaida kwenye picha. Basi mwambie daktari ulikokulia kabla hajaisoma.

Mwaka 1901 Röntgen alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia, na fedha zake akakipa Chuo Kikuu cha Würzburg. Hakutaka hataza ya ugunduzi wake, hivyo yeyote aliweza kutengeneza mashine bila kumlipa. Alifariki Munich Februari 10, 1923, kwa saratani ya utumbo.