Maisha ya Leonhard Euler

Hizi ni habari za bingwa mmoja wa hesabu ambaye alipofuka macho lakini hakuacha kazi yake.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1707, katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alitaka mwanawe awe mchungaji vile vile. Lakini Johann Bernoulli, mwalimu mashuhuri wa hesabu, alikiona kipawa cha kijana huyu, akamsihi baba amwachie afuate hesabu. Baba akakubali. Mwaka 1727 Euler alisafiri mpaka St Petersburg, Urusi, akapata kazi katika chuo cha wataalamu.

Kabla yake aliishi Mfaransa aitwaye Pierre de Fermat. Huyu alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, akaona zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kanuni yake ni rahisi: chukua namba moja, toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha ongeza 1, utapata inayofuata. Fermat aliamini kwamba zote zitakazofuata ni tasa. Ya sita ni 4,294,967,297. Kwa kuwa aliyesema ni mtu mkubwa, neno lake lilidumu miaka karibu 90.

Mwaka 1732 Euler, kijana asiyetimiza miaka 26, alionyesha kwamba namba hiyo hugawanyika kwa 641, na jibu lake ni 6,700,417. Baadaye alieleza njia. Kila namba tasa inayoigawa, ikigawanywa kwa 64, haina budi kubakiza 1. Basi za kujaribu ni chache: 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Anayepanda Matogoro hapiti kila kichaka, hutafuta njia.

Mnamo mwaka 1738 jicho lake la kulia liliharibika. Alifanya kazi Berlin tangu 1741, akarudi Urusi mwaka 1766, na muda si mrefu jicho la pili nalo likafa. Mwaka 1771 nyumba yake iliungua, akaokolewa motoni. Hata hivyo aliendelea kupiga hesabu kichwani, na wengine wakaandika. Mwaka 1772 alitangaza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana tasa kubwa kuliko hiyo. Alifariki tarehe 18 Septemba, 1783, akiwa na miaka 76.

Mimi nilizidisha 6,700,417 kwa 641 bwenini, kwa kalamu na karatasi moja tu, na jibu likatoka sawasawa. Hapo niliona haya, kwa maana mara nyingi nimenakili jibu la mwenzangu kwa sababu tu yeye huongoza darasani. Euler alimheshimu Fermat, lakini alihakikisha mwenyewe. Basi, wenzangu wa Kidato cha Nne, mtihani u karibu. Tusikubali jibu kwa ukubwa wa aliyelitoa, tulipime kwanza. Mwenye macho mawili na daftari hana udhuru.